Chambo cha ngisi: historia ya mnyama asiyeacha mifupa

Ukitaja Chalinze, watu wengi wanaona njia panda. Malori ya Morogoro huku, mabasi ya Tanga na Arusha kule, na abiria walioshuka kunyoosha miguu. Bahari haimo kabisa kwenye picha hiyo. Lakini Halmashauri ya Chalinze inafika mpaka Saadani, kwenye mawimbi, na hata huko bara kwenyewe kuna kitu kinachoamua mvuvi wa Bagamoyo atumie chambo gani kesho asubuhi. Kitu hicho ni tope. Mto Ruvu unashuka kutoka milima ya Uluguru, unapita chini ya barabara ya Morogoro, kisha unamwaga maji yake kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Wami nao unapita chini ya daraja la barabara ya Segera na kutokea baharini upande wa Saadani. Masika ikipiga, bahari ya hapo inageuka chai ya maziwa. Na ngisi ni mnyama anayewinda kwa macho.

Tutarudi kwenye tope. Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Pweza tunamjua wote, supu yake ina sifa zake. Dome ndiye mwenye lile gamba jeupe jepesi ambalo watoto huliokota ufukweni wakadhani ni povu lililokauka. Ngisi ni yule mrefu, mwembamba, mwenye mapezi ubavuni, mikono 8 na minyiri 2 mirefu inayochomoka ghafla. Sehemu nyingine watu huwaita ngisi na dome kwa jina moja, hakuna ugomvi. Huyu ngisi wa majani ya bahari na miamba, anayekuja karibu na ufukwe kiasi kwamba mtu asiye na chombo anaweza kumvua akiwa amesimama kwenye maji ya magoti, wanasayansi wanamwita Sepioteuthis lessoniana, kwa heshima ya Mfaransa René Lesson aliyezunguka dunia kwenye meli Coquille kati ya 1822 na 1825. Siku hizi wataalamu wa jenetiki wanasema jina hilo linafunika spishi zaidi ya moja. Mvuvi hilo halimsumbui.

Kinachomsumbua ni hiki: chambo bandia kilichotoka ng'ambo, chenye umbo la kamba mdogo, taji la sindano mkiani na kipande cha risasi kifuani, kinauzwa kwa rangi ishirini, na kununua kimoja ni kuacha dukani hela ya mboga. Achukue cha waridi? Cha chungwa? Cha kijani kinachong'aa gizani? Swali linaonekana dogo, lakini lina historia ndefu ajabu, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikuandikwa popote.

Haikuandikwa kwa sababu ngisi hana mifupa. Hebu fikiria kazi ya mwanaakiolojia pale Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13. Akichimba jalala la zamani, samaki anamwachia miiba na mataya, ng'ombe anamwachia meno, chaza na kome wanamwachia magamba. Ngisi akiliwa ameliwa. Kile kijiti laini cha mgongoni kinaoza, mdomo wake mgumu kama wa kasuku nao unaoza. Chambo chenyewe kikiwa cha mti, kitambaa na uzi, kinakwenda njia hiyo hiyo. Kwa hiyo watu wanaweza kuwa wamekula ngisi kwa miaka elfu moja mahali pamoja na jalala lao lisiseme neno.

Maandishi ya zamani nayo yanachungulia tu. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinataja pwani yetu na bandari ya Rhapta, kinataja vyombo vilivyoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja, na kinaeleza watu wa kisiwa kimoja waliotega kasa kwa vikapu kwenye midomo ya mikondo ya maji. Ukiwahi kuona dema likishushwa, huwezi kusoma sentensi hiyo bila kutabasamu. Ila ngisi hatajwi. Mfanyabiashara aliyeandika alikuwa anatafuta pembe na magamba ya kasa. Kitoweo cha wenyeji kilimhusu nini?

Basi tunabaki na ushahidi wa aina nyingine: maneno. Huko Madagaska pweza anaitwa horita. Neno hilo ni ndugu wa gurita la Kimalei, na ndugu zake wengine wako Ufilipino. Lilisafiri na mababu wa Wamalagasi waliovuka bahari kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki. Lakini ngisi, kwa Kimalagasi, ni angisy. Hilo halifanani na la Kimalei. Linafanana na letu. Wanaisimu wanajua kwamba Kimalagasi kilichukua majina mengi ya wanyama kutoka lugha za Kibantu za pwani hii, na angisy linakaa vizuri katika kundi hilo. Yaani watu walifika na pweza wao mdomoni, wakamkuta ngisi ana jina tayari. Sisi kwa upande wetu, kwa maoni ya watafiti wengi, tuliipata ile mirengu miwili ya ngalawa kutoka kwa wasafiri hao hao. Biashara nzuri.

Na wasafiri wa lugha hizo walikuwa mafundi wa kudanganya pweza. Katika visiwa vya Mariana, magharibi ya Pasifiki, wanaakiolojia wamechimbua vipande vya simbi vilivyokatwa na kutobolewa kwa ajili ya chambo cha pweza, vyenye umri wa karibu miaka 3,500. Ni miongoni mwa vyambo bandia vya zamani kuliko vyote vinavyojulikana. Kwa nini simbi? Kwa sababu pweza anawapenda, na kwa sababu gamba halikuoza. Mpaka karne iliyopita watu wa Tonga walikuwa wakifunga simbi kwenye jiwe na kijiti ili kitu kizima kifanane na panya, na wana hadithi kamili ya ugomvi wa panya na pweza. Pwani yetu ilikuwa na simbi tele. Katikati ya karne ya 19 makampuni ya Hamburg yaliwazoa hapa na Zanzibar kwa shehena za meli na kuwapeleka Afrika Magharibi kutumika kama pesa. Ila kwa pweza sisi tulibaki na mbinu nyingine: maji yakitoka wakati wa bamvua, kina mama wanapita juu ya mwamba na kijiti, wanasoma mashimo. Hawahitaji kumdanganya pweza mradi wanajua nyumba yake. Ngisi hana nyumba. Huyo ni lazima umwite.

Maelezo ya zamani ninayoyapenda kuliko yote ya namna ya kumwita yanatoka kwa Oppian wa Kilikia, mshairi wa karne ya 2 aliyeandika kwa Kigiriki kitabu kizima cha mashairi kuhusu uvuvi. Kwa ngisi anaelekeza utengeneze kijiti chenye umbo la pia ya kusokotea uzi, ukizungushie ndoana nyingi zilizobanana, kisha uzivike mwili wa samaki mdogo mwenye mistari ili ile shaba isionekane. Ngisi anakikumbatia, ananasa mikono. Soma tena maelezo hayo huku umeshika chambo cha dukani. Kijiti kipo, umbo la pia lipo, ndoana za kuzunguka zipo. Miaka 1,800 imepita na kilichobadilika ni kwamba samaki wa kweli ameondolewa.

Aliyemwondoa, kwa kadiri historia inavyoonyesha, ni mvuvi wa kusini mwa Japani. Huko Kagoshima na visiwa vya Amami inasimuliwa kwamba watu waliokuwa wakivua usiku kwa mienge waliangusha kijinga cha moto majini, wakaona ngisi akikikumbatia kile kipande cha mti kilichoungua. Hadithi za asili ya kitu huwa zimepambwa, tuichukue hivyo. Lakini kitu chenyewe hakina ubishi: katika kipindi cha Edo, kilichoanza 1603 na kuisha 1868, watu wa himaya ya Satsuma walichonga vipande vya mti vyenye umbo la kamba, wakaviunguza kwa moto kupata rangi ya kahawia na weusi, wakaweka sindano mkiani. Wanaviita egi, maana yake mti wa chambo. Hata mashujaa wa kijeshi wa himaya hiyo walivipenda, ikawa kama mashindano ya nani ana kizuri zaidi. Baadaye mti ulivikwa kitambaa, halafu kiwanda kikaleta plastiki. Na ngisi waliyemlenga ni huyu huyu wa kundi la lessoniana anayekuja kutaga kwenye majani ya bahari ya Bagamoyo.

Kinachonivutia ni kwamba Mgiriki na Mjapani, bila kujuana, wote waliishia na sindano nyingi za kuzunguka zilizopindia juu. Sababu iko kwenye mwili wa ngisi. Samaki anameza chambo, ndoana inashika taya. Ngisi hamezi. Anarusha ile minyiri 2 kwa muda usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, anavuta mawindo kwenye mikono, ndipo anaanza kuyatafuna kwa mdomo mdogo ulio katikati. Ndoana moja haina pa kushika. Taji la sindano linashika ngozi ya minyiri popote itakapogusa. Ndiyo maana pia sindano za chambo cha ngisi kwa kawaida hazina ule mwiba wa kuzuia: nyama laini haihitaji mwiba, inahitaji mshipi usilegee. Ukilegeza, amekwenda.

Sasa rangi. Jicho la ngisi ni zuri kwa namna inayotutia wivu. Lina lenzi kama letu, ila retina yake imepangwa vizuri kuliko yetu, mishipa iko nyuma na hakuna doa pofu. Lakini ngisi wengi, pamoja na dome na pweza, wana aina moja tu ya kemikali ya kunasa mwanga, inayofanya kazi vizuri zaidi karibu na nanomita 500, pale buluu inapokutana na kijani. Sisi tuna aina tatu za kuonea rangi. Mwenye aina moja hawezi kulinganisha, na bila kulinganisha hakuna rangi, kuna mwangaza na giza tu. Mwaka 2016 baba na mwana, Christopher na Alexander Stubbs, walipendekeza kwamba umbo la ajabu la mboni za wanyama hawa linaweza kuwapa njia nyingine ya kutambua rangi kwa kusogeza kina cha jicho. Ni wazo zuri na bado linabishaniwa. Hata likiwa kweli, halitetei rangi ishirini za dukani. Kwa maoni yangu rangi kumi na tano kati ya hizo zimetengenezwa kumvua mvuvi.

Kuna kitu ngisi anakiona ambacho sisi hatukioni. Mwanga ni mawimbi, na mara nyingi mawimbi hayo huwa yamelala upande mmoja baada ya kugonga magamba ya samaki au kupita kwenye mwili wa kitu kiangavu. Jicho letu halitofautishi. La ngisi linatofautisha. Mwaka 1998 Nadav Shashar na wenzake walionyesha kwamba ngisi anatumia uwezo huo kugundua mawindo yanayopitisha mwanga, ambayo kwa macho ya kawaida karibu hayaonekani. Fikiria uduvi majini: kwako ni kivuli, kwake unawaka. Hivyo kitambaa kinachovika chambo, au karatasi ya kumetameta iliyo chini yake, huenda vina maana kwake kuliko jina la rangi lililoandikwa kwenye pakiti.

(Kwa waliosoma fiziolojia: ndiyo, ni ngisi huyo huyo wa kwenye vitabu. J. Z. Young alionyesha mwaka 1936 kwamba nyuzi nene zinazoendesha mruko wake wa kutoroka ni neva, na unene unaokaribia milimita moja uliwawezesha Hodgkin na Huxley kuingiza waya ndani na kupima umeme wake. Nobeli ikaja 1963. Kila unapoona chambo kimekoswa na ngisi amerudi nyuma kama risasi, umeiona kazi ya neva hiyo.)

Turudi kwenye tope. Maji safi yanakula mwanga mwekundu ndani ya mita chache na kuacha buluu. Maji yenye tope na mboji ya mto yanakula buluu haraka na kuacha kijani na njano, tena kidogo. Kaskazi inapovuma, kabla ya masika, maji ya Bagamoyo nje kidogo ya midomo ya mito yanaweza kuwa safi, na hapo chambo cha kahawia au cha kijani kilichofifia, kinachofanana na kamba wa kweli, kinatosha. Masika ikishaanza, Ruvu na Wami wanashusha udongo wa mashamba ya bara, na suala linakuwa moja tu: je, kitu hiki kinaonekana? Hapo chagua kinachotofautiana na maji, chenye mgongo mweusi na tumbo jeupe, au chote kiwe cheusi. Usiku wa mbalamwezi ngisi anatazama kutoka chini, na kilicho juu yake ni kivuli dhidi ya anga, kwa hiyo cheusi kinaonekana kuliko cheupe. Wajapani waliounguza mti kwa moto hawakuwa na nanomita vichwani. Walikuwa na macho na miaka mingi.

Kuliko rangi, angalia jinsi kinavyozama. Kamba akishtuka anajikunja na kuruka kinyumenyume, kisha anaanguka polepole. Ngisi anashambulia pale anapoanguka. Ukivuta mshipi mara mbili kwa nguvu kisha ukaacha, chambo kizuri kinashuka kichwa chini kidogo bila kuzunguka. Kikishuka kama jiwe, chubwi ni kubwa mno kwa maji mafupi. Kikielea, kitafagiliwa na mkondo. Huku tofauti ya maji kujaa na kutoka wakati wa bamvua ni kubwa, karibu mita 4, na mkondo ni mkali. Maji yakianza kupoa karibu na kujaa ndipo chambo chepesi kinapata nafasi. Vichambo vizito vilivyotengenezwa kwa miamba mirefu ya Japani vitakwama kwenye majani yetu kila ukitupa, na kila kilichokwama ni hela.

Chambo kingine cha ngisi ni mwanga wenyewe. Neno karabai linatokana na kabaidi, ile kemikali iliyotiwa maji kutoa gesi ya asetilini kwa ajili ya taa. Kabaidi ikaisha, zikaja taa za pampu za mafuta ya taa, jina likabaki. Sasa ni taa za LED zenye betri, na bado ni karabai. Dagaa wanakuja kwenye mwanga, ngisi anawafuata dagaa na kusubiri ukingoni, pale mwanga unapoishia. Mtindo huo huo ukikuzwa unaonekana kutoka angani: picha za setilaiti za usiku zinaonyesha baharini mbele ya Argentina mji usiokuwepo, nao ni meli za kuvulia ngisi.

Kwa kijana wa Bagamoyo hali ni ya chini zaidi ya hapo. Juya la kukokotwa, lile linalovutwa na kundi la watu mpaka mchangani, limepigwa marufuku, na Kanuni za Uvuvi za 2009 ziko wazi. Lakini juya lilikuwa pia ajira ya asiye na chombo: ukishika kamba, unapata fungu. Ukimwondoa pale bila kumwonyesha kitu kingine, atarudi usiku. Wakati huo huo juya likipita linang'oa majani ya bahari, na kwenye majani hayo ndipo ngisi anapobandika mayai yake, vifuko vyeupe kama vidole, kila kimoja na mayai machache. Mnyama huyu kwa kawaida hamalizi mwaka. Hana wazee wa akiba wanaosubiri msimu mwingine. Mayai ya mwaka huu yakiharibiwa, mwakani hakuna.

Mshipi mmoja na chambo kimoja havigusi majani, havichukui vifaranga, na havihitaji tajiri wa mtego. Haviwezi kulisha kijiji, tusidanganyane. Lakini kwa mtu anayetaka kilo mbili za kuuza jioni kwa mkaangaji, ni zana halali anayoweza kuimiliki mwenyewe. Ukikuta vifuko vya mayai mahali, sogea mbele. Ngisi wakubwa waliopo hapo wako kazini. Na ukiwa Saadani uliza kwanza mpaka uko wapi, maana hifadhi ya taifa iliyotangazwa 2005 ina sehemu ya bahari ndani yake.

Chambo chenyewe unaweza kukichonga. Mti mwepesi, urefu wa kidole cha kati, nyembamba mkiani na nene kifuani. Sindano za waya usioshika kutu, zikunjwe juu ya moto na kufungwa kwa uzi kuzunguka mkia. Kipande cha risasi chini ya kifua, ukipunguze kwa kisu kidogo kidogo, na ndoo ya maji ya bahari pembeni ya kujaribia mpaka kishuke kwa upole kichwa mbele. Kitambaa cha zamani chenye kumeta kidogo kinatosha kukivika. Akishashika, usimnyanyue mara moja. Mwache kwenye maji ateme wino wote, kwa sababu shati likishaupata, sabuni ya mche haitasaidia.